Udhibiti na Mashine katika Riwaya za Kubashiri: Tunafundisha Nini?

Mwalimu wa fasihi anapofikia riwaya za kubashiri, yaani zile zinazochora jamii ya kubuni iliyoendelea sana kwa mashine na kuharibika sana kwa utu, aghalabu huwapa wanafunzi kazi moja tu: watafute ni vyombo gani vilivyotajwa kitabuni ambavyo leo vimekwisha kutokea. Kiwambo kinachomtazama mtu chumbani mwake? Kimetokea, kipo mfukoni. Redio ndogo za kutia masikioni, alizozieleza Ray Bradbury mwaka 1953? Zimetokea, zinauzwa sokoni Karatu. Wanafunzi hufurahi, ubao hujaa, kengele hulia. Somo la namna hiyo huchangamsha, lakini kwa maoni yangu halifundishi fasihi wala halifundishi jamii. Linamgeuza mwandishi kuwa mpiga ramli, na msomaji kuwa mtu wa kukagua tu kama ramli imesema kweli.

Ninalotaka kulieleza kwa walimu wenzangu, na hasa kwa wanachuo wanaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, ni kwamba mashine si kiini cha riwaya hizi. Kiini ni swali la nani anayeshika mlango wa habari, anaufunga kwa sababu gani, na je, aliyefungiwa anajua kwamba amefungiwa? Swali hilo mwanafunzi wa Digodigo, katika wilaya ya Ngorongoro, anaweza kulijibu vizuri kama mwanafunzi wa Dar es Salaam, na pengine kwa urahisi zaidi, kama nitakavyoonyesha. Na tukilifuata kwa uaminifu, swali hilo litatufikisha na sisi walimu mahali tusipopapenda.

Tuanze na vitabu vyenyewe. Mrusi Yevgeny Zamyatin aliandika riwaya yake, ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Sisi, mnamo miaka ya 1920 na 1921. Wananchi wa dola aliyoibuni hawana majina bali namba, nao huishi katika nyumba za vioo. Ilichapishwa kwanza kwa Kiingereza huko New York mwaka 1924. Katika nchi yake mwenyewe haikutoka mpaka mwaka 1988. Hapo tayari mwalimu ana jambo la kulizungumza kabla hata ya kufungua ukurasa wa kwanza: riwaya ihusuyo udhibiti ilidhibitiwa kwa zaidi ya miaka 60, na waliofanya hivyo hawakuhitaji nyumba za vioo.

George Orwell alitoa riwaya yake ya 1984 mwaka 1949. Mhusika wake mkuu, Winston Smith, ni karani. Kazi yake katika Wizara ya Ukweli ni kuyasahihisha magazeti ya zamani ili yakubaliane na lile ambalo serikali inalisema leo, na karatasi ya asili hutumbukizwa katika tundu la ukutani ikateketee. Kile kiwambo maarufu kinachotazama huku kikitazamwa kipo, nacho kinatisha. Lakini ukiichunguza kazi ya karani huyu utaona kwamba vyombo vyake ni vya masijala: jalada, hati, bomba na tanuri. Orwell mwenyewe alifanya kazi BBC kuanzia mwaka 1941 hadi 1943, wakati wa vita, na maneno yaliyosomwa hewani yalipitiwa kwanza na wakaguzi. Hakuhitaji kubashiri mengi. Alitazama meza yake.

Sasa Bradbury, ambaye nitakaa naye kidogo. Riwaya yake ya Fahrenheit 451 hukumbukwa kwa wale wazima moto ambao kazi yao imegeuzwa kuwa kuchoma vitabu. Picha hiyo ina nguvu kiasi kwamba inafunika jambo zito kuliko moto. Mkuu wa wazima moto, Kapteni Beatty, anamsimulia kijana wake Montag jinsi mambo yalivyoanza, na katika masimulizi yake hayakuanza serikalini. Yalianza pale watu walipopungukiwa na saburi. Vitabu vikafupishwa, ufupisho nao ukafupishwa, tamthilia kubwa ikawa kipindi cha robo saa redioni, kisha safu ya dakika mbili gazetini, mwishowe mistari michache ya kamusi. Kila kundi lililokwazika likaomba kifungu chake kiondolewe. Moto ulikuja baadaye, kuteketeza kitu ambacho wasomaji walikwisha kukiacha. Naomba msomaji alihifadhi jambo hili, maana nitalirudia.

Je, sisi tunaosoma kwa Kiswahili hatuna kitabu cha jinsi hii? Tunacho, na kilitoka miaka miwili tu baada ya kile cha Orwell. Mwaka 1951 Shaaban Robert, aliyekuwa karani katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alitoa Kusadikika, habari za nchi iliyo angani. Hakuna mashine hata moja mle. Kuna mfalme, baraza, gereza na waziri mmoja aitwaye Majivuno. Karama anashitakiwa kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria, na katika kujitetea anawakumbusha wakubwa habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, zikiwamo mbinguni na ardhini, ambao kila mmoja alirudi na maarifa ya kuiponya nchi na kila mmoja akatupwa gerezani kwa ujira wake. Huu ni udhibiti kamili: mlango wa habari umefungwa kwa kumfunga aliyeileta. Mwanafunzi akiisoma Kusadikika bega kwa bega na 1984 ataona upesi kwamba mashine inaweza kuuharakisha udhibiti na kuupanua, lakini haiuzai.

Ataona pia tofauti moja kubwa, nayo ndiyo hunifanya niipende Kusadikika kwa darasa la sekondari, ingawa wapo wanaoiona ni kitabu cha matumaini mepesi. Winston Smith havunjwi kwa hoja. Anavunjwa kwa mateso, na mwishowe anampenda yule aliyemtesa. Karama anasema. Anapewa nafasi barazani, anapanga hoja zake moja baada ya nyingine, Majivuno anabaki na hasira bila jibu, na mfalme anawafungua wajumbe. Huenda dunia haifanani sana na mwisho huo. Hata hivyo, kitabu cha Orwell kinamwonyesha kijana jinsi mtu anavyonyamazishwa, ilhali kile cha Shaaban Robert kinamwonyesha jinsi mtu anavyojibu. Mwalimu anayefundisha cha kwanza bila cha pili anawapeleka watoto nyumbani na hofu peke yake.

Wala isidhaniwe kwamba Shaaban Robert alikuwa akicheza na mambo ya mbali. Mwaka 1958, katika nchi hiyo hiyo, Julius Nyerere alishitakiwa kwa makala aliyoyaandika katika Sauti ya TANU, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Sauti ya TANU kilikuwa kijarida cha kuchapwa kwa taipu na kurudufiwa kwa mashine ya stensili, sawasawa na ile ambayo wengi wetu tuliikuta vyuoni ikitoa mitihani ya majaribio. Mwanafunzi na aone hapo kwamba mashine ndogo iliwatumikia waliofungiwa, na sheria ikawatumikia waliofunga. Kwa wenye kupenda chombo cha angani, nacho kipo katika Kiswahili: Katama Mkangi wa Kenya, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, alitoa Walenisi mwaka 1995, ambamo Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, anatiwa katika chombo na kurushwa kwenye anga za mbali. Jina la nchi anayofikia litenganishwe tu vipande vitatu, na siri ya kitabu iko wazi.

Kwa upande wa mbinu, napendekeza njia niliyoiona ikitumiwa na mwanachuo mmoja katika shule ya sekondari huko Digodigo. Walioitembelea nchi hiyo ya Wabatemi, ambao wengine huwaita Wasonjo, wanajua kwamba ni nchi ya mifereji. Maji ya chemchemi na vijito huongozwa mashambani kwa mifereji ya udongo, na ugawaji wake tangu zamani umeshikwa na baraza la wazee waitwao wenamiji, kwa zamu zinazojulikana. Mwanachuo wetu alichora mfereji ubaoni, akaandika neno "habari" mahali pa maji, kisha akauliza: mzee anayeziba mfereji ili maji yaende shamba jingine, je, ni mdhibiti?

Darasa liligawanyika, na mgawanyiko huo ulikuwa na thamani kuliko jibu. Kijana mmoja alisema hapana, kwa sababu jina la mzee linajulikana, sababu ya kuziba inajulikana, zamu ina mwisho, na anayeonewa anajua aende kwa nani. Msichana mmoja akamjibu kwamba cheo hicho hurithiwa na wanaume, na mama yake, ambaye ndiye mwenye kulima, hajawahi kuketi katika baraza hilo. Basi yeye atakwenda kwa nani? Mwanachuo hakuamua. Aliyaandika maswali manne yaliyozaliwa mle darasani: Nani ameziba? Kwa sababu gani iliyotamkwa? Mpaka lini? Na aliyezibiwa atalalamika wapi? Kwa maswali hayo manne darasa zima liliweza kukabili sura za 1984 alizokuwa amezitafsiri kwa mkono, bila kutaja chombo hata kimoja. Katika dola ya Orwell hakuna swali lenye jibu. Katika Kusadikika mawili yana majibu, na ndiyo maana Karama ana mahali pa kusimama.

Maswali hayo hayaishii kitabuni, na hapa ndipo walimu wengi husita. Wanafunzi wetu wanaishi katika nchi yenye matukio, na wanayafahamu. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba Shirika la Utangazaji, TBC, halitaonyesha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, na sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu kuwa na leseni, kwa ada ambazo kwa jumla zilizidi shilingi milioni 2. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini, na sababu iliyotolewa ilikuwa picha chafu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, na kwa siku kadhaa mtu wa Digodigo hakuweza kujua kwa simu yake yaliyokuwa yakitokea Arusha. Sioni kwa nini mwalimu aogope kuyataja mambo haya kwa tarehe zake. Ni mambo ya hadharani. Kinachomharibia mwalimu kazi ni kuyataja kwa jazba, au kuyaruka huku wanafunzi wakimtazama, wakijua kwamba anaruka.

Lakini haki itendeke kwa upande wa pili. Anayesema kila mlango uachwe wazi hana budi kuijibu habari ya Rwanda, ambako redio iitwayo RTLM, iliyoanza mwaka 1993, ilitumika mwaka 1994 kuwachochea watu wawaue jirani zao na hata kuwataja kwa majina. Redio hiyo ilikuwa wazi, yenye muziki mzuri na watangazaji wachangamfu. Darasa lililouliza maswali manne ya mfereji linaweza kuuliza pia: kama ungekuwa na uwezo wa kuiziba redio ile, ungeiziba? Kwa amri ya nani, na mpaka lini? Nimewasikia vijana wa kidato cha tatu wakilijadili swali hili kwa uzito ambao sikuuona katika semina nyingi za wakubwa.

Kuna jambo jingine ambalo riwaya za zamani hazikuliona vizuri, na mwalimu na aliseme wazi ili asiwafanye waandishi kuwa mitume. Winston Smith anapata kuishika mkononi, kwa dakika chache, picha ya gazeti inayothibitisha uwongo wa serikali. Anaitupa tunduni, nayo inapotea milele. Kwa Orwell, ushahidi ukiteketezwa kweli imekwisha. Siku hizi picha haipotei. Juni 2022, wakati mipaka ya eneo la kilomita za mraba 1,500 ilipokuwa ikiwekwa huko Loliondo, picha za majeruhi zilienea kutoka simu hadi simu, na viongozi wakazikanusha. Mwanafunzi aliyekuwa na picha ile alikuwa nayo bado baada ya kukanushwa. Kilichopotea ni uwezo wa kuiamini: je, ni ya hapa au ya nchi nyingine, ni ya jana au ya miaka iliyopita? Tanuri la Orwell halikuhitajika. Palihitajika picha nyingi tu, baadhi za kweli na baadhi za uwongo, zikiwa zimechanganywa. Basi andalio la somo kuhusu 1984 litakuwa na upungufu lisipomfundisha mwanafunzi kuuliza juu ya picha: nani aliipiga, wapi, siku gani, na nani mwingine alikuwapo?

Jirani kabisa na Digodigo, katika kijiji cha Samunge, tuna mfano wa mafuriko ya namna hiyo usiohusu siasa hata kidogo. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na habari zikaenda kwa simu, redio na magazeti mpaka nchi jirani. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi katika barabara ambayo zamani ilipita lori moja moja. Hakuna aliyewakataza waganga wa hospitali kusema. Walisema, sauti yao ilizama, na baadhi ya wagonjwa wakaacha dawa zao. Aldous Huxley, katika riwaya yake ya mwaka 1932, ndiye aliyelikaribia jambo hili kuliko Orwell: watu wa dola yake hawazuiwi kusoma kwa vitisho, bali wamejazwa raha na kelele mpaka hawana hamu ya kusoma. Wanafunzi wa Digodigo walikuwa watoto wachanga mwaka ule au hawajazaliwa, lakini wazazi wao walikuwapo, na wengine waliuza chai barabarani. Watumwe nyumbani wakaulize. Hakuna zana ya kufundishia iliyo rahisi kuliko hiyo.

Sasa nirudi kwa Kapteni Beatty, kama nilivyoahidi.

Sisi walimu tunapozungumza juu ya udhibiti hupenda kutaja marufuku. Tunakumbushana kwamba Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa mashuleni kabla ya kugeuka kuwa kitabu cha kutahiniwa. Tunakumbuka jinsi huko Kenya, mwaka 1987, nakala za Matigari ya Ngũgĩ wa Thiong'o zilivyokusanywa na polisi madukani, baada ya, kama mwandishi mwenyewe alivyosimulia, kutolewa amri ya kumkamata Matigari, hadi ilipogunduliwa kwamba ni mtu wa hadithi. (Sijui mwandishi gani amewahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo.) Na tunakumbuka Februari 2023, Wizara ya Elimu ilipovipiga marufuku mashuleni vitabu kadhaa vya watoto, ukiwamo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa ajili ya maadili. Agizo hilo lilifika hata katika shule ambazo kabati lao halijapata kuwa na hata kimoja kati ya vitabu hivyo.

Marufuku hayo yanajadilika, nami sina haja ya kuyarefusha. Ninalolisema ni kwamba mdhibiti mkubwa wa fasihi katika shule zetu hana mhuri wala gazeti la serikali. Ni kitini cha uchambuzi.

Kila mwalimu anakijua. Zamani kilirudufiwa kwa stensili na kuuzwa kwa bei ya daftari. Leo kinapita bure kutoka simu hadi simu. Kina kurasa nne au tano kwa riwaya nzima: dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo, falsafa, mbinu za kisanaa, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Mwanafunzi hukikariri, huingia katika chumba cha mtihani, hutoka na alama. Nimekaa nyuma ya darasa la kidato cha nne lililoweza kutaja dhamira saba za Takadini bila kukwama. Mwanachuo alipouliza Sekai alikuwa katika hali gani alipokuwa akitoroka na mtoto wake, palikuwa kimya. Hakuna aliyekuwa amekutana na Sekai. Walikuwa wamekutana na "nafasi ya mwanamke katika jamii".

Hiki ndicho Beatty alichokieleza: ufupisho wa ufupisho. Tofauti ni kwamba Beatty alihitaji watu waliopenda raha. Sisi tumefanya kwa watoto wenye bidii, wanaoamka saa kumi alfajiri kusoma kwa taa ya sola, na tumewaambia kwamba huko ndiko kusoma fasihi. Orwell naye hayuko mbali. Wenye dola yake wanaipunguza lugha mwaka hadi mwaka, ili yabaki maneno machache na mawazo machache. Hesabu maneno ambayo mwanafunzi hutumia kusema juu ya riwaya yoyote ile, iwe ya mapenzi, ya vita au ya njaa: mwandishi "amefaulu kwa kiasi kikubwa", falsafa yake ni kwamba "anaamini jamii mpya inawezekana", ujumbe ni kwamba "tuache mila potofu". Waandishi kumi, falsafa moja! Na katika riwaya hiyo hiyo ya Orwell zipo mashine zinazotunga nyimbo na riwaya za kuwaburudisha makabwela pasipo mtunzi. Mwanafunzi aliye na simu leo anaweza kuiagiza programu ya akili unde imwandikie uchambuzi wa kitabu asichokigusa, na itamwandikia vizuri, kwa sababu lugha tuliyomfundisha ni ile ambayo mashine huiweza.

Watakaonipinga watasema kwamba vitabu havipo, kwamba darasa lina wanafunzi 70 na nakala tatu, na kwamba mtihani hauulizi Sekai alikuwa katika hali gani. Hoja mbili za kwanza ni za kweli. Ndiyo maana sishauri kila mwanafunzi awe na nakala yake. Nashauri kitabu kisomwe kwa sauti. Nakala moja, msomaji mmoja, dakika 20 kwa kipindi, mwanafunzi baada ya mwanafunzi, mwalimu naye zamu yake. Riwaya yenye kurasa 100 itakwisha ndani ya muhula. Mwishoni mwa kitabu cha Bradbury, waliokimbilia porini hawana maktaba; kila mmoja amehifadhi kitabu kimoja kichwani na amekuwa kitabu hicho. Jambo hilo lilionekana la ajabu kwa Wamarekani wa mwaka 1953, lakini kwa nchi ambayo watu wake wamehifadhi tenzi, Korani na nasaba za koo si ajabu hata kidogo. Wanafunzi sita wapewe sura sita za Kusadikika, kila mmoja aihifadhi sura yake si kwa neno kwa neno bali kwa mpangilio wake, aje aisimulie kama mjumbe aliyerudi safarini. Wenzake wamhoji kama baraza. Hutapata hayo katika kitini.

Kuhusu mtihani, mwalimu anao wa kwake wa kila mwezi. Huo hauko mikononi mwa Baraza la Mitihani, na hakuna anayemlazimisha aulize dhamira tano kwa mifano. Aulize: Majivuno angekuwa na simu, angeitumiaje katika shauri la Karama? Jibu la swali hili haliwezi kunakiliwa, kwa kuwa anayejibu hana budi kwanza kumjua Majivuno.

Hoja ya kwamba vitabu havipo sikubaliani nayo kwa ukamilifu wake. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, mwanachuo wangu aliambiwa kwamba Kusadikika haipo. Baada ya siku chache zilionekana nakala tisa katika kabati la ofisi ya taaluma, bado zimefungwa kwa kamba ya bohari. Sababu yake ilikuwa ya kawaida: vitabu hupotea, na anayeulizwa ni mwalimu. Sababu hiyo si ya kudharauliwa. Lakini wanafunzi walipoyachukua yale maswali manne ya mfereji na kuyaelekeza kwenye kabati, walipata majibu mawili tu. Nani ameziba? Mwalimu wa taaluma. Kwa sababu gani? Upotevu. Mpaka lini, haikujulikana; na wa kumlalamikia hakuwapo.

Mwanachuo aliomba ufunguo kwa siku za Jumanne na Alhamisi baada ya masomo, akamkabidhi daftari la kuazimia yule msichana aliyebishana juu ya mzee wa mfereji. Masharti waliyatunga wenyewe, ukiwamo muda wa siku tano kwa kila msomaji na adhabu ya kufagia ofisi kwa atakayechelewesha. Mwanachuo alipomaliza majuma yake, nakala nane zilikuwa zimerudi kabatini, mbili kati yake zikiwa na majivu ya jikoni katikati ya kurasa. Ya tisa ilikuwa Samunge kwa dada wa mmoja wa wanafunzi, na mbele ya jina lake katika daftari palikuwa pameandikwa: amefika kwa mjumbe wa nne, ameomba siku mbili.